Mezani inashika, mkononi inapotea: kutafuta kosa kwenye antena ndogo za kuvaliwa

Bangili ya kwanza tuliyotengeneza karakanani kwetu, komini ya Kenya hapa Lubumbashi (Kenya ni mtaa wetu na soko lake, si nchi), ilikuwa ya sentineli, yaani mlinzi wa usiku. Ina kitufe kimoja: akibonyeza, kipokezi kilichoko getini kinalia. Mezani ilifika mita 40 bila shida. Tukamvalisha mzee mmoja anayelinda depo ya simenti, akatembea hatua chache tu, na kwenye mita 7 ikanyamaza. Tukabadilisha chipu, tukabadilisha betri, tukamlaumu aliyetuuzia. Kumbe chipu ilikuwa nzima. Kilichoongezeka kwenye saketi ni mkono wa mzee.

Antena ya kifaa cha kuvaliwa haiishii pale shaba inapoishia kwenye bodi. Bodi yote ni antena, betri imo, na mtu aliyekivaa kifaa ana sehemu kubwa kuliko vyote. Hapa chini nafuata dalili jinsi wateja wanavyozisema, maana hakuna anayekuja kulalamika kwamba impidansi yake imehama. Anasema: "Yaya (yaani kaka), hii kitu haishike."

Kwanza hakikisha ni antena

Redio ikianza kutuma inavuta mkondo mkubwa kwa muda mfupi sana. Betri ya kidonge aina ya CR2032 iliyochoka haivumilii mvuto huo: volti zinaanguka, chipu inazima na kuwaka upya, na wewe unadhani mawimbi yamekatika. Weka betri mbili za AA mahali pake, kwa nyaya fupi iwezekanavyo, kwa sababu nyaya ndefu nazo zinageuka antena na kukudanganya. Kifaa kikipona, achana na antena. Tafuta betri bora au ongeza kapasita karibu na chipu.

Kisha weka hesabu moja kichwani. Gawa 300 kwa masafa ya megahezi, upate urefu wa wimbi kwa mita. Bluetooth inakaa kati ya megahezi 2400 na 2483.5, wimbi lake lina kama sentimita 12, na robo yake, ambayo ndiyo urefu wa antena nyingi rahisi, ni kama milimita 31. Ukichora kwenye bodi, urefu huo unapungua kidogo kwa sababu fiberglasi inalipunguzia wimbi mwendo. Ukitaka ndogo zaidi, unaikunja kama nyoka au unanunua kipande cha kauri, lakini si bure: wahandisi Harold Wheeler mwaka 1947 na Chu mwaka 1948 walionyesha kwamba antena ikiwa ndogo mno mbele ya wimbi lake, itakunyima ama upana wa masafa ama ufanisi. Anayekuuzia antena ya ukubwa wa punje ya mchele "yenye nguvu kuliko zote" anakuuzia maneno.

"Mezani inashika, mkononi inapotea"

Hii ndiyo dalili ya kila wiki, nayo ina visababishi vitatu vinavyokuja kwa pamoja. Nyama ya mtu imejaa maji na chumvi. Kwenye kipimo ambacho wahandisi wanakiita pemitiviti, hewa ni 1, msuli wa mtu kwenye gigahezi 2.4 ni zaidi ya 50. Ukiisogeza antena karibu na kitu kama hicho, masafa yake yanashuka kama uzi wa gitaa uliolegezwa. Pili, mwili unaimeza nguvu na kuigeuza joto dogo lisilosikika. Tatu, mwili unatupa kivuli upande wa pili. Dawa zake hazifanani, kwa hiyo usikimbilie kisu.

Ipo njia ya kuzitenganisha bila kifaa cha bei. Bluetooth ya nguvu ndogo inajitangaza kwenye chaneli tatu: ya 37 iko megahezi 2402, ya 38 iko 2426, na ya 39 iko 2480. ESP32, chipu yenye Bluetooth ndani yake, inakuruhusu kuchagua chaneli moja tu. Tangaza kwenye 37 peke yake, soma nguvu ya ishara kwenye simu, kisha fanya vivyo hivyo kwa 38 na 39. Pima kwanza kifaa kikiwa juu ya boksi la katoni, halafu kikiwa mkononi. Usilinganishe chaneli na chaneli, kwa kuwa antena ya simu nayo ina mapendeleo yake. Linganisha 37 ya hewani na 37 ya mkononi, 39 na 39. Kama 39 imepoteza nyingi kuliko 37, antena imeshuka masafa. Zikipoteza sawasawa zote tatu, umemezwa au umo kivulini, na hakuna kapasita wala koili itakayokuokoa.

Fanya kazi hii nje. Chumbani mawimbi yanagonga ukuta na bati na kurudi, na ukisogea sentimita 6 tu namba inaweza kuruka desibeli (kipimo cha kupanda na kushuka kwa nguvu ya ishara) 10 au zaidi. Sisi tunakwenda uwanja wa mpira alfajiri kabla vijana hawajafika, tunachukua vipimo kama ishirini tukizunguka polepole, tunatafuta wastani. Ukikumbuka kwamba mahali pa wazi kila desibeli 6 zinazopotea zinakata umbali nusu, utajua ukubwa wa ugonjwa: kushuka kutoka mita 40 hadi 7 ni kama desibeli 15. Hapo usitafute kosa moja dogo.

Antena iliyoshuka inafupishwa. Hewani itakuwa juu ya 2480, nje ya mahali pake, ila ikivaliwa itashuka na kutua katikati. Kata nusu milimita, vaa, pima, kata tena. Shaba iliyokatwa hairudi, kwa hiyo ukichora bodi mpya ifanye ndefu kwa makusudi. Na kati ya chipu na antena acha nafasi za vipande vitatu (koili au kapasita) vya kuioanisha antena na chipu, kimoja njiani na viwili vinavyoshuka kwenye graundi (shaba ya bodi iliyo upande hasi wa betri), hata kama utaanza na rezista ya ohm 0 njiani na kuziacha nyingine wazi. Nimeona bodi mia moja zikitupwa kwa kukosa nafasi hizo zisizogharimu kitu.

Kumezwa na mwili kunatibiwa kwa umbali, na milimita za kwanza ndizo zenye thamani. Kata vipande vya sponji kavu vya milimita 1, 2, 3 na 5, viweke kimoja kimoja kati ya kifaa na ngozi, andika namba. Utaona mwenyewe ni wapi faida inaanza kuwa ndogo, na hapo ndipo unene wa kasha unapoamuliwa. Angalia pia antena imelala vipi. Waya uliolala sambamba na ngozi, karibu nayo, unafanya kazi vibaya kwa sababu mkondo unaozaliwa mwilini unaupinga. Antena ya umbo la F iliyonyanyuliwa juu ya graundi, graundi ikiwa upande wa ngozi, inavumilia zaidi. Betri nayo ni chuma: ikikaa chini ya graundi inasaidia kukinga, ikikaa ubavuni mwa ncha ya antena inaiua.

Huna mtu wa kuvaa kutwa nzima? Chupa ya plastiki ya nusu lita yenye maji ya chumvi inatosha kwa majaribio ya haraka, ingawa maji yanashusha masafa kuliko mkono, kwa hiyo kata ya mwisho usiikate juu ya chupa. Tuliwahi kutumia paja la mbuzi. Lilitupa namba nzuri, na jioni tukalila na bukari (ugali).

"Nikilitazama geti inashika, nikigeuka inakata"

Kivuli. Kwenye gigahezi 2.4 kiwiliwili cha mtu kati ya bangili na kipokezi kinaweza kukata desibeli 20 na kuendelea. Ndani ya nyumba hulioni tatizo sana, kwa sababu wimbi linazunguka kwa kugonga kuta. Uani, penye nafasi wazi, hakuna cha kugonga. Ndiyo maana kifaa kilichofaulu ofisini kinashindwa depo, na mteja anaapa umembadilishia.

Usipoteze siku ukirekebisha antena hapa. Nyanyua kipokezi juu ya vichwa vya watu, au weka viwili pande tofauti za uwanja. Wengine wanakimbilia megahezi 868 kwa kuwa wimbi refu linauzunguka mwili vizuri zaidi. Ni kweli, lakini robo ya wimbi hapo ni milimita 86, na graundi inayotakiwa kuisindikiza haitoshi kwenye bodi ya bangili. Unachopata kwenye kivuli unakipoteza kwenye ufanisi. Kwa mkanda wa kiunoni au koti nakubali. Kwa bangili ya mtu mwenye mkono mwembamba, sikubali kirahisi. Na kabla ya kuagiza moduli za masafa hayo, waulize ARPTC, wasimamizi wa mawasiliano nchini, kama yanaruhusiwa kwa kazi yako.

"Kipimo kinaonyesha safi, lakini haifiki mbali"

Hapa ndipo wenye vifaa wanapoanguka. Mtu ana NanoVNA, kipimo kidogo kinachochora nguvu inayorudi kutoka kwenye antena, anaona mstari umezama mpaka desibeli 25 chini ya sifuri, anafurahi. Mstari ule unasema jambo moja tu: nguvu iliyoingia haikurudi. Haukuambii ilikokwenda. Lehemu rezista ya ohm 50 mahali pa antena, utaona mstari mzuri kuliko wote, na rezista hairushi chochote angani.

Kwa hiyo antena ndogo ikionyesha bonde pana sana, megahezi mamia kadhaa, usishangilie. Kwa ukubwa wake haitakiwi kuwa pana hivyo. Upana huo mara nyingi ni dalili ya hasara, iwe kwenye koili duni za kuoanisha, kwenye gundi, au kwenye mkono wenyewe. Mstari ukiwa desibeli 10 chini ya sifuri, ni asilimia 10 tu ya nguvu inayorudi. Kutoka hapo kwenda 25 huongezi hata nusu desibeli ya nguvu. Nitachukua antena inayorudisha robo ya nguvu na kurusha iliyobaki, kuliko ile inayopokea yote na kuipasha moto ngozi.

Wheeler tena, mwaka 1959, alitoa jaribio ambalo unaweza kulifanya kwa kopo la nyanya. Funika antena na bodi yake kwa kopo, lile dogo, na kopo ligusane vizuri na kipande cha shaba kilichounganishwa na ganda la kebo. Antena inayorusha kweli, ikizibwa hivyo, haina pa kuipeleka nguvu: mstari unapanda karibu na sifuri kwa sababu karibu yote inarudi. Kama ulifunika na bonde limebaki palepale, nguvu haikuwa ikienda angani tangu mwanzo. Usitumie kopo kubwa la maziwa ya unga. Kopo la upana huo lina mwangwi wake karibu na gigahezi 2.4, na utasoma kopo badala ya antena.

"Nikigusa kebo, mstari unahama"

Basi unapima kebo. Bodi ya bangili ni ndogo mno kuwa graundi kamili, kwa hiyo mkondo unaendelea kutembea juu ya ganda la kebo ya kipimo, na kebo inakuwa nusu ya antena. Kipimo kitakuwa kizuri, utakata antena kukifuata, na ukiitoa kebo kila kitu kitahama.

Pitisha vidole kando ya kebo ukiangalia mstari. Ukitikisika, valisha kebo shanga za feraiti karibu kabisa na bodi, na itoe upande wa bodi ulio mbali na antena. Lehemu ganda lake kwenye graundi kwa urefu, si kwa nukta moja. Kalibreti kwa vile vipande vitatu vya kipimo (wazi, fupi na mzigo) kwenye ncha ya kebo, si kwenye mdomo wa kipimo. Chomoa pia waya wa kuchajia. NanoVNA ina betri yake, na kwetu wenye delestaji (mgao wa umeme) hilo ni jema mara mbili. Angalia pia toleo: NanoVNA ya kwanza imetengenezwa kwa kilohezi 50 mpaka megahezi 900 na inajikongoja hadi 1500, haifai kabisa kwa Bluetooth. Unahitaji V2 inayofika gigahezi 3.

Hata kwa yote hayo, neno la mwisho nampa simu uwanjani, kifaa kikiwa na betri yake tu, bila kebo.

"Tulipofunga kasha ikaharibika"

Plastiki ikigusa antena inashusha masafa, kama mkono ila kwa kiasi kidogo. Pima ukiwa umefunga. Rangi yenye unga wa chuma, skrubu, riboni ya skrini inayopita juu ya antena, mkanda wa chuma: vyote ni washukiwa. Na kama unatumia antena ya kauri, soma upya ukurasa wa mtengenezaji. Namba zake nzuri alizipata kwenye bodi yake ya majaribio, mara nyingi ndefu kuliko yako, na eneo lisilo na shaba kabisa kwenye tabaka zote chini ya antena. Tabaka la chini ndilo linalosahaulika.

"Asubuhi nzuri, mchana mbaya"

Jasho. Maji yenye chumvi yanapojaza ule mwanya mdogo kati ya kasha na ngozi, umbali uliougharimia unakuwa haupo. Mwezi wa Oktoba, kabla ya mvua, dalili hii inaongezeka hapa mjini, nasi tumejifunza kuloweka kitambaa maji ya chumvi na kukiweka chini ya bangili kabla ya kuikabidhi. Antena za kushonwa kwenye nguo zinaumia zaidi. Pamba inakunywa maji na kubadilika. Nailoni na poliesta zinakunywa kidogo.

Ikiwa inakatika kwa kukunjwa, si kwa jasho, kagua viungo. Tepu ya shaba ina gundi chini, na gundi ya nyingi haipitishi umeme. Vipande viwili vilivyopandana vinaonekana vimeungana, kumbe vimetenganishwa na gundi. Vinafanya kazi leo, kesho havifanyi. Vilehemu. (Mkoa huu uliitwa Shaba tangu 1971 hadi 1997, malori ya shaba yanapita usiku na mchana, na roli la tepu ya shaba tunaliagiza ng'ambo. Tumeshacheka vya kutosha.)

"Inatuma, lakini haisikii"

Kama getini ujumbe unafika na jibu halirudi, antena ni ileile kwa pande zote mbili, kwa hiyo shuku kelele. Saketi ya kubadilisha volti au skrini iliyo karibu na antena inapiga kelele sikioni mwa kipokezi. Zima skrini, lisha bodi moja kwa moja kwa betri, uone kama usikivu unarudi. Ukirudi, sogeza koili ya saketi hiyo upande wa pili wa bodi.

Bangili ya mzee wa simenti, basi. Chaneli ya 39 ilikuwa imepoteza kuliko 37, kwa hiyo tulikata antena milimita 2 kwa awamu. Kasha tulilinyanyua milimita 3 kutoka ngozini, na kipokezi kilichokuwa chini ya kaunta ya geti tukakipandisha kwenye boriti ya paa. Akiwa ameivaa, sasa anafika mita 30, hata akiwa amegeuka. Mezani, bila mkono, inafika 25 tu, pungufu ya ile mbovu. Mwenye depo alipokuja kuchukua zingine sita aliziweka juu ya meza, akabonyeza, akakunja uso: "Papa, mmeziharibu." Nikamwomba anyooshe mkono.